Kununua chakula kizuri kwenye supermaketi ya bei nafuu: hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Chakula cha bei ya chini namna hii kinaweza kweli kuwa kizuri?" "Chapa hizi sizijui hata moja, nitajuaje nichukue ipi?" "Nilikwenda kubana matumizi, mbona nimerudi na mifuko mitano na bado sina cha kupika?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka majibu pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa dukani.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa: ndiyo, kinaweza, ila si kila kitu na si kwa kubahatisha. Ubora wa chakula cha pakiti unausoma nyuma ya pakiti, kwenye yale maandishi madogo ambayo wengi hawayagusi. Ubora wa kitu kibichi unauona, unaushika na kuunusa. Ukijua kusoma huko, utakula vizuri kwa pesa kidogo. Usipojua, hata duka la ghali litakuuzia maji na wanga kwa bei ya nyama.

Nadharia ni kidogo tu. Maduka haya yana bei ya chini hasa kwa sababu ya namna yanavyoendeshwa. Ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, walichukua duka la mama yao mjini Essen, Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakauza bidhaa chache zinazotoka haraka, bila mapambo. Jina la Aldi likaanza kutumika kwa maduka yao mwaka 1962. Lidl, kampuni nyingine ya Ujerumani, ilifungua duka lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1973. Mpaka leo duka la mtindo huu huwa na aina elfu chache tu za bidhaa, wakati supermaketi kubwa ya kawaida inaweza kuwa na zaidi ya 20,000. Bidhaa hupangwa ndani ya makatoni yale yale zilizosafirishiwa, wafanyakazi ni wachache, mfuko unakuja nao mwenyewe. Nyingi ya bidhaa hizo ni za chapa ya duka, hazibebi gharama ya matangazo. Akiba ya namna hiyo haimuumizi mnunuzi. Inayoumiza ni ile inayopatikana kwa kupunguza nyama ndani ya soseji, na hiyo ndiyo tutakayojifunza kuitambua.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Orodha iliyoandikwa, si ya kichwani.
- Simu yenye kikokotoo na kamera. Kamera ni ya kukuza maandishi madogo. Piga picha lebo, kisha vuta picha ikue.
- Mifuko yako, mmoja wapo uwe wa kuhifadhi baridi.
- Sarafu ya kufungulia toroli, kama duka lako linatumia mfumo huo.
- Daftari dogo, au ukurasa kwenye simu, wa kuandika umenunua nini na kilikuwaje.
- Muda. Mara ya kwanza jipe saa nzima. Ukishazoea, nusu saa inatosha.
- Tumbo lililoshiba. Mwenye njaa hununua kwa jicho, na nimeliona hilo kwangu mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba sasa nakula kwanza hata kama ni kipande cha mkate.

HATUA ZENYEWE

1. Anza jikoni kwako

Fungua friji, friza na kabati. Andika kilichopo na kinachokaribia kuharibika. Kisha panga milo ya siku tano au sita, si ya wiki mbili, na uandike kinachopungua.

Kwenye orodha, andika kazi ya kitu badala ya chapa yake. Usiandike jina la mtindi uliouzoea, andika "mtindi mtupu, kilo moja, wa kifungua kinywa." Dukani huenda chapa yako haipo, lakini mtindi mtupu upo. Aliyeandika jina la chapa atasimama mbele ya rafu akiwa amekwama, kisha atachukua chochote.

Acha nafasi mbili tupu mwishoni mwa orodha. Hizo ni za vitu utakavyokuta vizuri na bei yake njema siku hiyo. Mbili tu.

2. Chagua siku na saa

Muulize mfanyakazi swali moja: "Mboga na matunda mapya huingia siku gani?" Watakujibu bila shida. Nenda siku hiyo au kesho yake, mapema kabla rafu hazijachambuliwa na wengine. Kama unachotafuta ni nyama na mkate uliopunguzwa bei kwa sababu tarehe imekaribia, uliza pia vibandiko vya punguzo hubandikwa saa ngapi, maana kila duka lina saa yake.

3. Zunguka mara moja bila kuchukua kitu

Hii ni kwa ziara ya kwanza katika duka usilolijua. Tembea kuanzia mlangoni hadi kwa keshia ukiangalia mambo matatu tu: usafi, ubaridi na mzunguko.

Usafi ni sakafu chini ya rafu za mboga, na harufu ya sehemu ya nyama. Ubaridi ni vipimajoto vya makabati: vyakula vya friji vikae kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, vya friza kwenye hasi 18. Mzunguko ni kuona kama bidhaa zinatoka. Vumbi juu ya makopo na tarehe zilizopita kwenye rafu ni dalili ya duka lisilojali. Duka likishindwa mambo haya, nunua chumvi na sabuni, uende zako. Punguzo halifidii maziwa yaliyokaa kwenye joto.

4. Linganisha bei kwa kipimo, si kwa pakiti

Bei kubwa iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ya pakiti. Unayoitaka ni ile ndogo, ya kila kilo, lita au gramu 100. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inalazimisha ionyeshwe. Kwingine utaipiga hesabu mwenyewe: gawa bei kwa uzito.

Kuna njia ya haraka isiyohitaji kikokotoo. Tuseme pakiti ndogo ina gramu 400 na kubwa ina kilo moja. Kubwa ni mara mbili na nusu ya ndogo. Basi kama bei yake imezidi mara mbili na nusu ya bei ya ndogo, kubwa ndiyo ghali. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Angalia mambo matatu yanayopotosha hesabu hii. Kwanza, vyakula vya kopo vyenye maji: linganisha uzito baada ya kuchuja, siyo uzito wote, la sivyo utakuwa unalinganisha maji. Pili, samaki na kamba wa barafu, ambao hufunikwa tabaka la barafu ili wasikauke: tafuta uzito halisi bila barafu. Tatu, pakiti zilizopungua uzito huku sura yake ikibaki ile ile. Anayenunua kwa mazoea hagundui.

Tahadhari: pakiti kubwa ni nafuu tu ikiwa utaimaliza. Nusu kilo ya majani ya saladi inayooza kwenye friji ni ghali kuliko gramu mia zilizoliwa zote.

5. Geuza pakiti

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nataka ukae kwa muda.

Chini ya kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius, viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kizito zaidi kikiwa cha kwanza. Kwa hiyo soma vitatu vya kwanza. Hivyo ndivyo unavyonunua. Vinavyofuata kwa kawaida ni vidogo vidogo. Ukiona pakiti imepambwa picha ya matunda lakini orodha inaanza na sukari, umeshajibiwa. Kumbuka pia kwamba sukari inaweza kugawanywa katika majina kadhaa, kama vile sharubati ya glukosi, fruktosi, dekstrosi na molasi, ili kila moja ionekane ndogo. Zijumlishe kichwani.

Sasa chukua chapa unayoiamini na chapa ya duka, ziweke sambamba mkononi, usome orodha mbili kwa pamoja. Zoezi hili moja limenifundisha zaidi ya ushauri wote niliowahi kupewa. Mara nyingi orodha zinalingana neno kwa neno. Wakati mwingine hata namba ya utambulisho wa kiwanda, ile inayochapishwa kwenye alama ndogo ya duara dufu katika bidhaa za maziwa na nyama barani Ulaya, ni ile ile. Kiwanda kimoja hakithibitishi kwamba mapishi ni yale yale, lakini kikienda pamoja na orodha inayofanana na jedwali la virutubisho linalofanana, huna sababu ya kulipia jina.

Bidhaa kwa bidhaa, mambo ninayoyatazama ni haya:

Mtindi mtupu: maziwa na bakteria wa kuchachusha. Ukikuta wanga au jelatini, uzito wake ni wa kutengenezwa.

Siagi ya karanga: karanga, pengine chumvi. Karanga ziwe asilimia 95 au zaidi.

Mkate wa nafaka nzima: unga wa nafaka nzima uwe wa kwanza kwenye orodha. Rangi ya kahawia isikudanganye, kwani inaweza kutoka kwenye kimea au sukari iliyounguzwa.

Juisi: tofautisha juisi ya asilimia 100, nekta, na "kinywaji cha matunda." Nekta ina maji na mara nyingi sukari. Kinywaji cha matunda kinaweza kuwa na tunda kidogo mno. Vyote hukaa rafu moja, vikiwa na picha moja.

Soseji na nyama ya kusindika: tafuta asilimia ya nyama. Hapa chapa za bei ya chini hutofautiana sana, na hapa sishauri kuchukua ya bei ya chini kabisa kwa kufumba macho. Ikiwa maji ni ya pili kwenye orodha, rudisha.

Jibini: maziwa, chumvi, kimeng'enya cha kugandisha, bakteria wa kuchachusha. Vipande laini vilivyofungwa kimoja kimoja mara nyingi ni jibini iliyosindikwa, na kuna bidhaa zinazofanana na jibini zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Nunua bonge ulikwangue mwenyewe. Iliyokwanguliwa tayari mara nyingi huongezwa wanga ili isishikamane.

Nyanya za kopo: nyanya na juisi ya nyanya, pengine asidi ya sitriki. Hiki ni kitu ambacho chapa za duka hukifanya vizuri sana.

Tambi: ngano ngumu. Protini ya gramu 13 kwa kila 100 au zaidi ni dalili nzuri kwamba haitakuwa uji ukiipika. Uso wa tambi ukiwa wa kukwaruza na mweupe kana kwamba umepakwa unga, mchuzi utaushika vizuri kuliko uso unaoteleza na kung'aa.

Mafuta ya zeituni: daraja la juu kabisa ni lile ambalo asidi yake haizidi asilimia 0.8 na lililokamuliwa bila kusafishwa kwa kemikali. Chagua chupa nyeusi, yenye tarehe ya mavuno kama ipo, na uichukue nyuma ya rafu ambako mwanga haufiki. Neno "nyepesi" kwenye chupa linahusu rangi na ladha. Mafuta yake yanatia nishati ile ile.

Chokoleti: tazama kama mafuta ni siagi ya kakao peke yake au yamechanganywa na mafuta mengine ya mimea.

Kuhusu chumvi, sukari na mafuta, soma safu ya "kwa gramu 100" kila mara, kwa sababu "kwa mlo mmoja" kila kampuni hujipimia. Kipimo kinachotumika Uingereza ni rahisi kukikariri: sukari zaidi ya gramu 22.5 kwa kila 100 ni nyingi, chini ya 5 ni kidogo. Chumvi zaidi ya gramu 1.5 ni nyingi, chini ya 0.3 ni kidogo. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5.

Na msimbo wa mistari je? Watu wengi wanaamini namba tatu za mwanzo zinaonyesha nchi chakula kilikotoka. Hazionyeshi. Zinaonyesha tu shirika la nchi gani liliitolea kampuni namba zake. Asili ya bidhaa itafute kwa maneno kwenye lebo.

6. Vitu vibichi: tumia mikono

Mboga na matunda ndiyo sehemu ambapo maduka haya hulaumiwa zaidi, na lawama nyingine ni za haki. Vingi huuzwa vikiwa vimefungwa. Basi geuza pakiti uone chini. Unyevu, ukungu, au tunda moja lililopondeka kwenye kona litaambukiza mengine kabla ya siku mbili. Kikapu kikionekana kizuri juu tu, kiache.

Machungwa na malimau: beba mawili ya ukubwa mmoja, chukua lililo zito zaidi, ndilo lenye maji. Viazi: epuka vyenye rangi ya kijani na vilivyochipua, maana sehemu hizo hukusanya solanini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Vitunguu: vibonyeze shingoni, kilicholainika hapo kimeanza kuoza ndani. Majani: tazama kikonyo kilipokatwa, kikiwa cha kahawia kilichokauka kimekaa siku nyingi. Uyoga: kofia iliyofumba na isiyoteleza.

Mayai: fungua trei, zungusha kila yai kwa kidole. Lisilozunguka limepasuka na kushikamana na karatasi. Usione haya kufanya hivyo mbele za watu.

Nyama inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu rangi inadanganya pande zote mbili. Nyama nyekundu iliyofungwa bila hewa huwa na rangi ya zambarau iliyokoza; watu huikataa wakidhani ni ya zamani, kumbe ikipata hewa hurudi kuwa nyekundu. Kwa upande mwingine, nyama iliyofungwa ndani ya hewa yenye oksijeni nyingi hubaki nyekundu ya kupendeza hata ikiwa imekaa. Kwa hiyo acha rangi, tazama tarehe, kiasi cha majimaji kwenye trei, na kama pakiti imevimba. Majimaji mengi ni nyama iliyokaa au iliyogandishwa ikayeyuka. Pakiti iliyovimba usiichukue. Kuku mzima huwa nafuu kwa kilo kuliko vipande, na mifupa yake ni supu ya kesho.

Tahadhari: kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono, liache hata kama limepunguzwa nusu. Bakteria wa botulismo, sumu ya chakula inayoweza kuua, hawaonekani wala hawanuki.

7. Friji na friza ziwe za mwisho

Mara nyingi njia ya duka hukupitisha kwenye vitu baridi kabla hujafika nusu. Usifuate njia ya duka. Chukua vikavu kwanza, kisha vibichi, kisha vya friji, na vya friza ukielekea kwa keshia.

Pakiti ya njegere au matunda madogo ya barafu itikise. Ikitoa sauti ya punje punje, iko sawa. Ikiwa ni bonge moja, huenda iliyeyuka ikagandishwa tena. Vivyo hivyo ukiona theluji nene ndani ya pakiti. Mboga za barafu zilizotunzwa vizuri ni ununuzi mzuri kuliko karibu kila kitu kingine dukani: hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na unatumia kiasi unachotaka tu.

Kutoka kwa keshia hadi friji yako, usizidishe saa mbili. Kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja.

8. Soma tarehe kwa maana yake

Kuna tarehe ya usalama na tarehe ya ubora. Ya kwanza, "tumia kabla ya," huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika haraka kama nyama mbichi na samaki. Ikipita, usile, hata kama havinuki. Ya pili, "bora kabla ya," inasema tu kwamba baada ya hapo ladha au ukarakara unaweza kupungua. Tambi, mchele, makopo mazima na chokoleti hubaki salama baada yake.

Ukilielewa hili, rafu ya punguzo la mwisho inageuka kuwa hazina. Nyama yenye tarehe ya usalama ya leo inunue ikiwa utaipika leo, au utaigandisha leo leo. Biskuti na kahawa vilivyokaribia tarehe ya ubora, chukua kwa amani.

Na kwenye rafu ya kawaida, tarehe za mbali zaidi hukaa nyuma na chini, kwa kuwa wafanyakazi husogeza za zamani mbele. Nyosha mkono.

9. Pita haraka kwenye rafu za katikati

Maduka haya mengi yana sehemu ya bidhaa zinazobadilika kila wiki: sufuria, taa, viatu, zana. Hapo ndipo akiba ya chakula huliwa. Kama hakikuwa kwenye orodha, kipige picha, ukifikirie nyumbani. Sina zaidi la kusema kuhusu hapa.

10. Lipa, kisha hakiki risiti kabla hujatoka

Makeshia wa maduka haya huenda kasi. Panga vizito mbele na vyepesi nyuma kwenye mkanda, vitu baridi pamoja, urudishe vyote kwenye toroli, kisha upakie mifukoni pembeni kwa utulivu. Soma risiti papo hapo: punguzo limeingia? Kuna kitu kimehesabiwa mara mbili? Makosa hurekebishwa kwa dakika moja ukiwa bado dukani, na kwa nusu siku ukiwa umeondoka.

11. Jaribu, andika, amua

Usibadilishe chapa zako zote kwa siku moja. Badilisha tatu kila safari. Nyumbani, weka cha zamani na kipya katika bakuli mbili zinazofanana, mwombe mtu akupe bila kukuambia kipi ni kipi. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, maziwa na siagi sikuvitofautisha kabisa, lakini kahawa niliitambua kabla haijafika mdomoni. Andika matokeo. Baada ya miezi miwili daftari lako litakuwa na thamani kuliko mwongozo huu, kwa sababu linajua ulimi wako.

Kama unataka pa kuanzia: chumvi, sukari, unga, mchele, maharage, shayiri, maziwa, siagi, nyanya za kopo na mboga za barafu ni vitu ambavyo chapa ya duka mara chache itakuangusha. Uwe makini na asali, mafuta ya zeituni, viungo vilivyosagwa, kahawa na nyama za kusindika. Viungo hasa: nunua vizima, usage mwenyewe, kwani kilichosagwa hupoteza harufu upesi na ni vigumu kujua kimechanganywa na nini.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kununua kitu kwa sababu kimepunguzwa bei. Swali ni kama ungekinunua bila punguzo.

Kuamini maneno ya mbele. "Asilia," "ya nyumbani," "ya kiasili" mara nyingi ni mapambo. Geuza pakiti.

Kulazimisha kila kitu kipatikane kwenye duka moja. Duka la bei nafuu halina kila kitu na halikukusudiwa kuwa nacho. Samaki wabichi au mboga za majani vikiwa vibaya pale, vinunue kwingine bila kujiona umeshindwa.

Kupenda kitu na kudhani kitakuwepo daima. Bidhaa hubadilishwa, hata mapishi ndani ya pakiti ile ile. Soma orodha ya viambato upya kila baada ya miezi michache.

UKIKWAMA

Gharama imepanda badala ya kushuka. Chukua risiti tatu za karibuni, weka alama kwenye kila kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha. Mara nyingi tatizo ni hicho tu. Kama orodha ilifuatwa, angalia ulichotupa jikoni wiki hiyo. Huenda unanunua pakiti kubwa mno.

Matunda yanaoza siku ya pili. Yatoe kwenye plastiki ukifika, ondoa lililoguswa, kausha unyevu kwa kitambaa, na usiyaoshe mpaka wakati wa kula. Ndizi na tufaha ziweke mbali na majani, kwani hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva na kunyauka. Yakiendelea kuoza, badilisha siku ya kwenda dukani.

Nyama inatoa maji mengi kwenye kikaango. Pengine iliongezewa maji. Soma lebo tena. Kama haikuongezewa, ikaushe kwa karatasi kabla ya kukaanga, na usiijaze sufuria.

Chapa ya duka haina ladha. Kabla ya kuikataa, linganisha chumvi na mafuta kwa gramu 100 na ile uliyoizoea. Huenda ina chumvi kidogo tu, na hilo unaweza kulirekebisha kwa kijiko. Ikiwa kiambato chenyewe ndicho kimepungua, nyanya kidogo au nyama kidogo, iandike kwenye daftari na usirudi kwake.

Umefungua pakiti ukakuta kimeharibika kabla ya tarehe. Usikitupe. Kipige picha pamoja na lebo na namba ya toleo, kifunge, kirudishe na risiti mapema. Maduka mengi hubadilisha au kurudisha pesa. Waonyeshe namba ya toleo wakati wa kukirudisha, maana ndiyo itakayowawezesha kuziondoa rafuni pakiti nyingine za toleo hilo.